Jeli Niliyoikata Mara Mbili

Nasema mapema: anayeweka kitu cha maabara kwenye friji ya chakula asinitazame mimi. Alifiya, binti yangu, anasoma kemia chuoni Dar. Ijumaa alipitia nyumbani Handeni, akaweka bakuli lililofungwa foili nyuma ya maziwa, akaenda kuoga. Nikalifungua. Jeli nyekundu, inang'aa. Baba yake, Akber, anapenda jeli kuliko mtoto mdogo, kwa hiyo nikajua ni zawadi yake.

Nikaikata vipande sita, nikafunika bakuli na kulirudisha ipoe vizuri. Nilipokwenda kuitoa, ilikuwa jeli moja. Hakukuwa na hata alama ya kisu. Nilisimama pale mlango wa friji ukiwa wazi. Ama uzee umenianza, nilijiambia, ama humu ndani kuna mkono mwingine. Nikasema Bismillahi, nikaikata tena, safari hii nikaipeleka moja kwa moja kwenye sinia.

Sisi Mabohora tunaanza na chumvi kidogo ulimini, kisha kitamu, ndipo wali na nyama. Na kitamu cha kwanza mume wangu namlisha kwa mkono wangu. Akber akameza kipande, cha pili, cha tatu, vilikuwa vinateleza. Nilikuwa nimeshika cha nne Alifiya alipotokea, nywele bado zimelowa.

"Mama, weka chini." Sauti yake sikuijua. "Baba amekula vingapi?"

"Vitatu."

Akakaa sakafuni. Ile haikuwa jeli ya kula, akasema. Ni nyuzi za plastiki alizozifunga pamoja kwa madini, yeye mwenyewe, kwa mwaka mzima.

"Ukiimulika kwa mwanga mkali, vifungo vinaachia, inalegea kama uji. Ukiondoa mwanga, vinajifunga tena. Vipande vikigusana gizani, vinakuwa kitu kimoja."

"Na tumboni?" nikauliza.

"Tumboni ni giza, mama."

Rakesh, jirani yetu mwenye duka la vitambaa, alitupeleka Korogwe kwa gari lake, kwenye hospitali yenye kipimo cha kutazama tumboni. Njiani Akber alianza kujikunja. Mimi nilimshika, nikimgombeza Alifiya na kumwomba Mungu kwa pumzi moja. Alifiya alikuwa kwenye simu, akimweleza daktari ni madini gani.

Daktari Mdoe alimpitishia kooni mpira wenye kamera na taa. Kwenye skrini tukaliona: donge moja, jekundu, limekaa mlangoni kabisa pa kutokea chakula. Daktari akageuka kunitazama.

"Mlisema vipande vitatu."

"Vilikuwa vitatu," nikasema.

"Usilivute, daktari," Alifiya akamwambia. "Ongeza taa, na usiiondoe hapo."

Tukasubiri. Donge halikutikisika, nami nikaanza kumtamkia mume wangu shahada kimoyomoyo. Kisha ukingo wake mmoja ukashuka. Likalegea, likatiririka, na daktari akalinyonya lote kwa mrija likaingia kwenye chupa. Jumatatu Alifiya alitakiwa kuionyesha jeli ile kwa wasimamizi wake, na hakuwa na nyingine. Muuguzi alipomuuliza kama atunze chupa, alisema amwage.

Akber alilazwa ili waendelee kumpima damu. Jioni, sauti ilipomrudia, nilimuuliza kwa hasira ile jeli ilikuwa na ladha gani.

"Haina ladha. Kama kandambili mpya."

"Sasa ulimeza ya nini?"

"Si ulinilisha wewe, Mama Alifiya? Miaka yote mimi humeza tu."

Nilikaa pembeni ya kitanda nikalia, na sikujua nimkumbatie au nimpige. Nilikaribia kumuua mwanamume huyu, naye alidhani ni mapishi yangu ya kawaida.