Kola Hii Bado Chafu

Mshonaji alipoombwa na dada yake ashone shati la kiume la mchezo wa jukwaani, hakuuliza la nini. Dada yake alikuwa mwigizaji, na kwa maneno yake mengi watu walimwita Chiriku. Shati likashonwa kwa moyo wote, na mshonaji akapewa kiti cha mbele.

Katikati ya mchezo, Chiriku, aliyeigiza mke, akaletewa habari kwamba mumewe amefariki. Hakulia. Alilichukua lile shati, akalifunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini, akapitisha kidole shingoni mwa shati na kusema, "Kola hii bado chafu."

Ukumbi ukacheka.

"Makubwa! Mume kafa, yeye anawaza kufua!" akasema mama mmoja pembeni, akijipiga paja.

Maneno hayo yalikuwa ya mshonaji. Aliyatamka siku aliyofiwa na mumewe, chumbani, akifunga vifungo vya shati la marehemu, mbele ya dada yake peke yake. Baada ya mazishi dada alimkumbatia, akamuuliza taratibu, "Vidole vilikuwa vinatetemeka, mdogo wangu, au vilikufa ganzi?" Naye, maskini, akadhani ni huruma. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Kicheko kilizimika. Alipogeuka, yule mama alikuwa analia kwa kwikwi.

Mchezo ulipoisha, mshonaji alimkuta Chiriku nyuma ya jukwaa, akifuta rangi usoni.

"Umeona walivyolia?"

"Walinicheka kwanza."

"Lazima wacheke, mdogo wangu, ndipo kilio kiwaingie."

"Dada, siku ile ulikuwa umenishika, au ulikuwa unanitazama?"

Chiriku akakosa la kusema. Chiriku!

"Vyote viwili," akajibu mwishowe.

"Basi kitoe kipande hicho."

"Nikikitoa, mchezo hauna roho."

"Roho hiyo ni ya shemeji yako."

Hapo Chiriku akapiga magoti, machozi yakimtiririka. "Nisamehe. Wewe ndiye niliyebaki naye."

Yalikuwa machozi ya kweli. Mshonaji akaona midomo yake mwenyewe inaanza kumcheza, akainama amwinue. Ndipo akayaona macho ya dada yake. Yalikuwa yamejaa maji, lakini yametulia juu ya midomo ile, yakifuata kila inavyotetemeka.

Akajifunika uso kwa mtandio, akatoka.