Glavu ya Tisa

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, taa ya glavu ya tisa ilizimika.

Fundi wa deraya, yale mavazi ya chuma ya vita, aliiona, maana alikuwa chini yake akipaka grisi goti la chuma. Ukuta mzima wa karakana ulitundikwa glavu za kushoto, moja kwa kila askari wa Rejimenti ya Ngao aliyetoka na farasi wake wa chuma. Kila glavu ilikuwa na taa iliyowaka na kufifia kwa mapigo ya moyo wa mwenyewe, hata akiwa kilomita mia mbali. Taa ikikaa gizani saa nzima, fundi huitungua glavu, huikunja na kuikabidhi kwa ndugu wa marehemu. Ndiyo desturi.

Glavu ya tisa ilikuwa ya Kijiti, mdogo wake wa tumbo moja. Na betri ya deraya ya Kijiti aliibadilisha yeye mwenyewe alfajiri ile.

Alifuta mikono, akaenda kwenye skrini ya kumbukumbu za deraya. Macho aliyalazimisha yasome.

Saa tano na dakika kumi na mbili kapteni aliingia, kofia mkononi.

"Fundi, saa imetimia."

"Naiona, afande."

"Kama mikono ni mizito, nitaitungua mimi."

"Halafu umkabidhi nani? Ndugu ni mimi. Tutabaki tunapeana pole mimi na mimi." Akaonyesha skrini. "Tazama hapa kwanza. Betri ikifa, vyote hukatika papo hapo. Kombora nalo halipigi hodi. Hapa umezimika upanga, baada ya sekunde saba miguu, kisha kofia, mwisho kipimo cha moyo. Nani huzima kwa mpangilio huo?"

Kapteni alisoma mara mbili. Midomo yake ikaanza kutembea. "Weka upanga. Piga goti. Fungua uso..."

"Zima deraya, adui aliyejisalimisha aone binadamu. Na usiiwashe mpaka umfikishe langoni."

"Hicho ni kiapo cha gwaride, fundi. Miaka kumi na tisa sijaona mtu akikitimiza."

"Humjui Kijiti. Utotoni ukimwambia usiondoke hapo mpaka nirudi, jioni unamkuta palepale, kajikojolea."

Kapteni alivuta kigoda akaketi. "Nakupa saa moja nyingine. Nje ya desturi."

Dakika arobaini na nane baadaye mlinzi alipiga honi. Kijiti alikuwa akija kwa miguu, uso wazi, deraya iliyozimika ikimlemea kama mfuko wa simenti. Farasi wake, anayekula umeme wa deraya hiyohiyo, alibaki huko nyuma. Aliburuta ngao yake kwa kamba, na juu yake alilala askari wa adui, paja limefungwa bendeji, anapumua.

Fundi alikimbia hadi langoni.

"Glavu yangu mmeitungua?" Kijiti aliuliza.

"Nilikuwa natafuta ngazi. Betri ilikuwaje?"

"Dada, ningejuaje? Nimeizima."

Fundi akakaa chini kwenye zege, akacheka mpaka machozi, na kapteni akageuka kando kuvaa kofia yake.

Wauguzi wakampokea majeruhi. Kijiti akabonyeza swichi ya kifuani. Kupitia mlango wa karakana uliokuwa wazi, saa sita na dakika nne, taa ya glavu ya tisa iliwaka: mapigo mia na kumi kwa dakika.