Samaki Waliokataa Kufa

Machale yalinicheza asubuhi ya pili ya jaribio, nilipoingia maabara na kukuta samaki wa tangi la tano wanaogelea kama wamealikwa. Tangi la tano ndilo kali kuliko yote. La kwanza huwa na maji matupu, ili tujue samaki wenyewe si wagonjwa; kuanzia la pili kemikali inaongezwa kidogo kidogo, na sisi tunahesabu maiti kwa siku nne. Wiki iliyotangulia tulifanya jaribio dogo la kupima ukali, na samaki wa tangi kali hawakuiona hata saa ya chai. Leo hawa walikuja kwenye kioo kunitazama, midomo wazi, wanadai chakula.

Mwenye zamu ya matangi alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kazi hii nilimtafutia mimi, lakini tangu siku ya posa sijawahi kumwamini. Anatabasamu mno. Mtu hawezi kuwa na furaha kiasi kile bila kuficha kitu.

Kemikali ilitoka kiwanda cha rangi za nguo. Kilikuwa kinaomba ruhusa ya kuanza kumwaga majitaka kwenye kijito, na matokeo yetu ndiyo yangeamua. Chini kidogo ya kiwanda, kando ya kijito hichohicho, anaishi mdogo wangu, na ana ujauzito baada ya mimba mbili kuharibika. Samaki wakisema uongo, atakayeunywa ni yeye.

Utasema mwanamume mwenye mke mjamzito hawezi kuchezea jaribio kama hilo. Mimi sikusema hivyo. Tamaa mbele, mauti nyuma. Na nilishamsikia akiulizia kama kiwandani wanaajiri.

"Shemeji, hawa samaki vipi?"

"Wazima, shemeji. Tumshukuru Mungu."

"Tangu lini maabara ya sumu ikashukuru samaki kuwa wazima?"

Akacheka, akaendelea kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Asiye na jambo hafuti meza safi.

Nilijiambia ni moja kati ya mawili: ama ameizimua sumu kwa maji, ama anatoa wafu na kuweka wazima. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwaga matangi yote, nikachanganya sumu kwa mkono wangu, nikatia samaki wengine wa kundi lilelile. Jioni nikafunga mlango na kwenda nyumbani na ufunguo kifuani.

Kesho yake kufuli lilikuwa vilevile na samaki walikuwa wazima. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa akakuta mlango haujavunjwa.

Hapo kikabaki kitu kimoja ambacho nilikuwa sijakishuku, samaki wenyewe. Kwenye beseni la pembeni tulikuwa na masalio ya lile jaribio dogo, wakubwa kidogo kuliko hawa, ungewatofautisha kwa macho tu. Nikachota wachache kwa wavu.

"Shemeji, simama hapa. Usiende popote."

Nikawatia tangi la tano. Hawakuchelewa. Walipanda juu kutafuta hewa, wakazunguka ovyo, kisha mmoja mmoja wakalala ubavu. Wale wadogo walipita katikati yao bila habari.

"Hawa wadogo umewatoa wapi?"

"Kwa mfugaji wetu wa siku zote."

"Nitakuuliza mara hii tu, shemeji."

Tabasamu likamtoka. "Samaki wapya wa mfugaji walipata ugonjwa wa ukungu, na bosi anataka kazi iishe. Nikaleta wangu, wa bwawa la nyumbani. Najua hairuhusiwi. Lakini wamekaa hapa kwenye maji safi wiki mbili kama inavyotakiwa, na ni wazima. Si umeona mwenyewe?"

"Wazima kupita kiasi. Bwawa linapata wapi maji?"

"Kijitoni."

"Na hawajawahi kufa?"

"Mwaka jana walikufa karibu wote. Nilidhani ni ugonjwa. Walibaki wachache, ndio waliozaana hawa."

Nikavuta kiti, nikaketi. Sumu haikuwa ngeni kwa samaki wale. Iliua wanyonge, ikaacha sugu, na mimi nililetewa watoto wa sugu. Kiwanda kilikuwa kinaomba ruhusa ya jambo ambalo kinalifanya tangu mwaka jana.

"Na nyinyi mnakunywa maji gani?"

"Kisima kiko ubavuni mwa bwawa," akasema.

Nikampigia mdogo wangu.

"Usinywe maji ya kisima! Mwaga yote!"

"Shikamoo kwanza, dada."

"Marahaba. Sikiliza, maji yenu yana sumu."

"Leo mume wangu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Yaani kafanya, lakini siyo..."

"Siku ya harusi ulisema suti yake ya wizi. Juzi ukasema ana mwanamke, kumbe umemwona na fundi wangu wa nguo. Leo ananiwekea sumu? Nimechoka, dada. Daktari kasema nisikasirike."

Akakata. Nikapiga tena, hakupokea. Nikapiga tena.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Maisha yangu yote nimeshuku watu, na siku niliyopata la kweli, hakuna wa kuniamini. Nikamgeukia yule niliyemfungia mlango kama mwizi.

"Shemeji wangu, nakuomba, mpigie wewe. Mimi hanisikilizi tena."

Hakunijibu neno la kejeli, ingawa nilikuwa nalistahili. Alitoa simu, akaweka sauti nje ili nami nisikie. Mdogo wangu alipokea haraka.

"Mke wangu, maji ya kisima, usiyanywe."

Akacheka. "Na wewe keshakuambukiza? Si daktari kaniambia ninywe maji mengi kwa ajili ya mtoto? Wiki ya pili hii, jagi halinitoki mkononi."

"Liweke chini," shemeji akasema, na sauti yake sikuitambua. "Liweke chini, mke wangu. Tunakuja."