Shairi Lililomfisha Baba

Mwalimu Bartholomeo alitujia kutoka Iringa na sanduku la bati, koti lililomzidi mikono, na maradhi ya mashairi. Alikuwa mtu mwema, sikatai. Watu wema nimewaona wengi, na nimewachoka.

Mwaka ule wa hamsini na tatu nilikuwa darasa la sita katika shule ya misheni, kwenye vilima vya Mbeya, msichana peke yangu kati ya wavulana. Baba alikwenda vitani Burma nikiwa bado nabebwa mgongoni. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakuonekana. Mama yangu, Damari, alimjibu kila aliyeuliza: "Yuko Johanesbagi, anachimba dhahabu. Amelowea huko." Watu walikubali, maana waliolowea migodini walikuwa tele.

Kwetu mume asiyeliliwa hajafa. Mkewe harithiwi na ndugu, na shamba lake halina mrithi. Mama mwenyewe aliichuma kahawa ya baba, akanisomesha kwayo. Baba mdogo Asukile alizoea kupita kando ya shamba kila Jumapili, akiitazama mibuni kama mtu anayetazama chungu jikoni kwa jirani.

Siku hiyo Mwalimu aliandika ubaoni shairi alilolitunga mwenyewe juu ya watoto wa vita:

*Gari likishaingia, mbio huenda kufata,*
*Sura zote hupitia, ya babake kutafuta,*
*Mama naye humwambia, "Kesho baba atapita."*

"Haya, tulichambue," alisema akipangusa chaki mikononi. "Sisi wasomaji tunajua nini asichokijua mtoto?"

Lutengano, ambaye siku zote alikuwa na haraka ya kusifiwa, akanyoosha mkono. "Baba yake amekufa, Mwalimu."

"Vema sana! Na mama?"

"Anajua. Anamficha mtoto."

Nilisimama bila kuitwa. "Si lazima awe amekufa. Pengine yuko Johanesbagi."

Wavulana wakacheka. Mwalimu hakucheka, na heri angecheka. Alikuja akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya upole iliyosikika hadi dawati la mwisho: "Sekela, mwanangu, baba yako alifia Burma. Kasian, aliyepigana pamoja naye, ameniambia alimzika kwa mikono yake. Shairi hili nimekutungia wewe."

Nilitoka mbio hadi nyumbani. Mama alikuwa anaanika kahawa.

"Ulinidanganya!" nilimpigia kelele. "Baba amekufa!"

Hakukana. Aliuliza tu, "Nani kasema? Mbele ya watu?"

"Mwalimu. Darasa zima limesikia."

Akaketi palepale juu ya mkeka, juu ya kahawa yake. "Basi tumekwisha. Kasian aliniambia mwaka uleule vita vilipoisha. Nilimwomba afunge mdomo. Sikukudanganya wewe, mwanangu, nilimdanganya Asukile. Lakini ulikuwa mdogo, ningekwambia ungesema."

Jua lilikuwa halijazama wanawake walipoanza kupanda kilima wakiomboleza. Watoto wa shule walikuwa wamekwisha kufikisha habari kila nyumba. Nyuma yao alikuja baba mdogo Asukile, na wembe, na ng'ombe wa msiba. "Ndugu yangu! Miaka yote hii bila kuliliwa!" Sijapata kumwona mtu akilia vizuri vile. Akamnyoa mama, akaninyoa na mimi, na machozi yalikuwa yamekwisha kumkauka kabla hajamaliza kichwa cha pili.

Matanga yalipokwisha alimrithi mama, akawa mke wake wa pili. Mchungaji alimkanya; Asukile akamsikiliza kwa adabu, kisha akafanya lake. Kahawa ikawa yake. Mimi nikaambiwa mtoto wa kike nimesoma vya kutosha, nikapewa jembe. Niliwachukia wote wawili, Asukile na yule mtunga mashairi, na sijui hata leo nani zaidi.

Mwalimu alikuja kuniulizia. Alitukuta uani kwa Asukile, mama anatwanga, mimi napeta. Mama alipomweleza yote, alivua kofia akaikunjakunja.

"Mama Sekela, sikujua desturi za hapa," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

Mama hakuuacha mchi. "Mimi hukuniuliza, Mwalimu. Ulimwambia mtoto."

Asukile akaita kutoka ndani, mara moja tu, na mama akaingia.