Anatafutwa Mtu Asiyesikia Baridi

Mwezi wa sita ukishaingia Songea, salamu zinakuwa fupi. Mtu anakuamkia shikamoo mikono ikiwa kwapani, nawe unamjibu marahaba kupitia tundu la shali, mnaachana. Bodaboda wanavaa makoti ya mtumba ya akina mama wa Ulaya, yale yenye manyoya shingoni, na hakuna anayewacheka, maana kila mtu anataka kujua wameyapata wapi. Misa ya kwanza inabaki na padre, katekista, na wale wanaotaka waonekane. Upepo unashuka kutoka milima ya Matogoro alfajiri kama mgambo, unagonga kila mlango, na usipofungua unapita chini.

Katika mji huo wa watu waliojikunyata, hakuna aliyejikunyata kama Saimon wa mtaa wa Lizaboni. Alikuwa dobi, na udobi wenyewe aliuchagua kwa ajili ya pasi ya mkaa. Kufua alifua mkewe, Adela. Saimon kazi yake ilikuwa kupiga pasi, na ikifika Juni alikuwa tayari kulipiga pasi hata tambara la deki, mradi asiachane na ule moto. Kuoga alioga Jumamosi, na Jumamosi yenyewe iwe na jua.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa jumuiya ya kanisa, mbele ya watu wazima na akili zake, akasema, "Mimi baridi huwa siisikii kabisa."

Adela, aliyekuwa amekaa mkeka mmoja naye, alikohoa mpaka akapigwa mgongoni.

Mambo yalianza hivi. Parokia yao ina urafiki na parokia moja ya Ujerumani, kwenye mji ambao jina lake hakuna aliyewahi kulitamka bila kumtemea mate jirani. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, Wajerumani wanaalika mjumbe mmoja akakae wiki tatu. Mwaka uliopita alikwenda Fransisko, mwalimu wa kwaya. Akarudi na mafua, kikohozi, na picha arobaini, zote amesimama dirishani. Alipoulizwa nchi yenyewe ikoje, alisema ni nzuri, ina madirisha makubwa.

Mwenyekiti wa kamati ya urafiki, Mama Walburga, alifedheheka sana. Mama huyu akitoa tangazo, hata kuku wa jirani wananyamaza. Akatangaza kwamba safari hii zamu ni ya jumuiya yao, ila hataki kupeleka mgonjwa mwingine. "Anatafutwa mtu asiyesikia baridi," alisema. "Nina wiki sita za kuangalia. Nitapita majumbani."

Saimon alikuwa na miaka arobaini na saba na hajawahi kuvuka Makambako. Alijaribu mara moja kwenda Dar, basi likaharibika Makambako, wakalala hapo siku mbili, akageuza na basi la kurudi. Tangu hapo kila ndege ikipita juu ya Lizaboni anaacha pasi na kutoka nje kuiangalia, na mashati mawili ya watu yalishaungua kwa sababu hiyo. Alitaka kupanda ndege. Akipelekwa Ujerumani, sawa, akipelekwa kuzimu, sawa pia, mradi apewe kiti cha dirishani.

"Wewe si ulilala na soksi mwezi wa pili?" Adela alimuuliza wakiwa njiani kurudi.

"Hiyo ilikuwa homa."

"Miaka kumi na tisa ya homa?"

"Mke wangu, nisaidie, usinizomee."

Basi wiki sita zile Lizaboni iliona vituko. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Saimon aliingia bafuni na ndoo ya maji ya bomba. Alikuwa anayamwaga sakafuni kopo kwa kopo, huku amepanda juu ya tofali yasije yakamgusa, akiimba nyimbo za Pasaka kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Halafu alitoka amefunga taulo, anajipigapiga kifua, kakauka kama dagaa.

Meza ya pasi aliihamishia nje, kwenye upepo. Mama Walburga alipopita na shali lake kubwa jeusi, Saimon, shati la mikono mifupi, aliisukuma pasi mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umetoka nje?"

"Joto la pasi mama, linaniumiza kichwa. Mwili wangu huu na joto haviivi kabisa."

Mama Walburga alimwangalia kutoka juu mpaka chini, akaandika kitu kwenye daftari lake. Asichokiona ni kwamba chini ya shati kulikuwa na sweta la kata mikono, chini ya suruali kulikuwa na taiti za Adela, na kila mfuko wa suruali ulikuwa na kiazi kitamu kilichotoka kwenye sufuria muda huo huo. Viazi vikipoa, Adela alipewa amri ya kuchemsha vingine. Vilivyopoa walikula. Watoto wa nyumba ile walikuwa wameshavichukia.

Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Otto, fundi baiskeli aliyehamia kutoka Mbinga. Otto yeye alikuwa anakaa barazani kifua wazi tangu jua halijatoka, anakunywa uji wa baridi kwa kijiko.

"We dobi!" alikuwa anapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Nyie Wangoni baridi mnaisomea! Sisi Wamatengo tumezaliwa nayo, tumenyonya nayo ziwa moja!"

"Ndiyo maana mdomo wako una rangi ya zambarau," Saimon alimjibu.

"Hii ni afya!"

"Basi afya yako inatetemesha kijiko."

Siku ya uamuzi ilikuwa Jumamosi ya katikati ya mwezi wa saba. Mama Walburga aliita jumuiya nzima nyumbani kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkutano uwanjani, na jiko marufuku. Ukungu ulikuwa umelala chini kiasi kwamba watu waliokaa mkeka wa nyuma walihesabiwa kwa vikohozi. Walisali rozari kwa haraka ambayo haijawahi kutokea, Salamu Maria hamsini zikitoka kwenye meno yanayogongana, na kila mtu mikono yake ameizika mahali anapopajua mwenyewe.

Mbele kabisa walikaa Saimon na Otto kwenye viti viwili. Otto kifua wazi, mwili umetoa vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Saimon na shati lake la mikono mifupi, anatabasamu, viazi viwili vya moto mifukoni vikimuunguza mapaja. Alishaona kwamba Otto hafiki saa moja. Kichwani alishafunga mkanda wa kiti cha ndege.

Hapo ndipo gari la parokia lilipoingia na mgeni.

Alikuwa mama wa Kijerumani, Ursula, mwalimu mstaafu, ametumwa na parokia rafiki kuja kumwona mjumbe mteule. Ujanani alifundisha Peramiho miaka mitatu, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho. Watu walinyanyuka kumlaki halafu wakabaki wameduwaa. Mzungu alikuwa amevaa koti, juu ya koti blanketi la masista, juu ya blanketi kanga mbili, na kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Pua ilikuwa nyekundu kama nyanya ya soko la Majengo.

"Jamani," alisema kabla hata ya salamu, "jiko liko wapi?"

Watu walimgeukia Mama Walburga.

"Mama Ursula," Mama Walburga alisema taratibu, "wewe si umetoka Ujerumani?"

"Ndiyo. Na sijawahi kusikia baridi kama hii maishani. Juzi nimelala na viatu."

"Lakini kwenu si kuna theluji?"

"Iko nje. Nani anakaa nje? Nyumbani kwangu ukuta mzima ni wa moto, mwezi wa kwanza tunavaa fulana. Nyie baridi mnalala nayo ndani." Alipuliza vidole. "Yule Fransisko maskini, joto la nyumba yetu lilimshinda. Alikuwa anashinda dirishani anatafuta upepo. Siku moja akalala amelifungua. Ndiyo akapata mafua."

Watu wote waligeuka kumtafuta Fransisko kwenye ukungu. Fransisko alikuwa amejifunika shali mpaka kichwani, na kwa ndani ya shali alisikika akisema, "Mimi hamkuniuliza."

Mama Walburga alifungua daftari lake, akalifunga. Kamati ya watu watatu ikajiinamia pale pale, ikanong'onezana kama dakika mbili. Walipoinuka, mama alikuwa na uso wa mtu ambaye hajawahi kukosea maishani.

"Kumbe shida ni joto," alitangaza. "Basi sifa imebadilika. Anatafutwa mtu anayehimili joto."

Saimon alisikia ndege yake ikizima injini. Akasimama.

"Mama mwenyekiti, mimi joto nalihimili! Mimi ni dobi! Nimesimama kwenye pasi ya mkaa miaka ishirini!"

"Wewe? Si uliniambia mwenyewe joto linakuumiza kichwa? Nimeandika hapa. Mwili wako na joto haviivi."

"Nilidanganya, mama!"

"Ukadanganya vipi, wakati wiki sita unaoga maji ya bomba mtaa mzima tunakusikia?"

"Sikuoga! Muulizeni Adela!"

Adela, nyuma huko, alisema kwa furaha isiyofichika, "Hajaoga tangu Jumamosi. Na si Jumamosi iliyopita."

Saimon aliona lawama ni ndogo kuliko ndege, akaanza kutoa ushahidi. Alivua shati, likaonekana sweta. Alivua sweta, ikaonekana fulana nzito, naye akaivua. Alipandisha suruali, zikaonekana taiti za maua za Adela, na akina mama wa mbele wakapiga vigelegele. Mwisho alitoa viazi mifukoni, vinafuka moshi, akaviinua juu kila mtu avione. "Mimi ndiye mwoga wa baridi kuliko watu wote Songea!" alipiga kelele. "Joto ndiyo nyumbani kwangu!"

"Na mimi," Otto alidakia, meno yakimkatakata maneno, "ni-nimekaa Nalasi misimu minne ya korosho. Jo-joto la kule..."

"Si ulisema ulitoroka Nalasi kwa sababu ya joto hilo hilo? Ulikuwa unahadithia barazani kwako mwezi mzima," Mama Walburga alimkata. "Kaa chini, Otto. Mpeni kanga huyo, atatufia hapa."

Kisha akamgeukia Saimon. "Na wewe umeidanganya jumuiya wiki sita, umesali hapa na viazi mfukoni. Tukikupeleka Ujerumani si utawaambia wewe ni askofu?"

Watu walicheka. Saimon, kifua wazi, alikuwa bado na la kujibu, lakini hapo hapo baridi ilimkumbuka. Ilimdaka mgongoni kama mkono wa polisi. Viazi vilimponyoka, akaokota sweta, akalivaa haraka haraka, na kwa haraka hiyo akaingiza kichwa kwenye tundu la mkono. Kikakwama. Mikono nayo ikakwama juu ya kichwa, gizani, ndani ya sufu.

Akiwa humo alisikia sauti ya Mama Walburga.

"Ndugu zangu, tusipoteze muda. Nimepika harusi za parokia hii, na misiba, na sikukuu za mtakatifu somo, miaka ishirini na mbili. Masufuria ya kulisha watu mia tatu, kuni za miembe, moshi, moto wa pande zote. Sijawahi kuzimia. Nauliza tu: yupo hapa anayenizidi kwa joto?"

Watu walizidi kujikunja ndani ya kanga zao.

"Basi kamati inalipendekeza jina la mwenyekiti. Anayepinga anyooshe mkono."

Watu walitazamana. Kulikuwa na wapinzani, tena wengi. Baadaye barabarani walisikika mmoja mmoja. Lakini kunyoosha mkono ilibidi kwanza uutoe kwapani, uupitishe kwenye kanga, uupandishe juu peke yake kwenye upepo ule wa Matogoro. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze.

"Mimi napinga!" ilisikika sauti ndani ya sweta.

"Nimesema anyooshe mkono."

"Nimenyoosha! Yote miwili!"

"Hatuioni," alisema Mama Walburga. "Imepita. Andikeni."

Adela alikuja akamvuta sweta likatoka, na nywele kidogo. Ndipo Saimon alipouona mkutano umeshavunjika. Watu walikuwa wanamiminika jikoni kwa Mama Walburga, ambako, kumbe, jiko lilikuwa limewashwa tangu saa kumi na moja na chai ya tangawizi inachemka. Mama Ursula alishafika zamani, kavuta kigoda, kaweka miguu karibu na mkaa. Otto alikuwa ameegemea ukuta, kafunikwa kanga tatu, hana habari na Ujerumani tena.

Saimon alivaa kila alichokivua, kwa mpangilio sahihi safari hii, akamfuata Mama Walburga mlangoni.

"Mama, basi niandike ya mwakani."

Mama Walburga alifungua daftari, akalowanisha ncha ya kalamu kwa ulimi. Hakuwa mtu wa kinyongo, hasa akishapata anachotaka.

"Nikuandike kwa baridi au kwa joto?"

Saimon alichungulia jikoni. "Mama Ursula! Mwakani kule kutakuwa na nini?"

Mzungu aliinua kikombe. "Wanasema wataleta mashine ya kupunguza joto," alisema. "Watu wamelalamika."

Saimon alifikiri kidogo, meno yakigongana.

"Andika vyote," alisema.