Hali Ni Hiyo Hiyo

Simu ya Yusto ilikuwa mfukoni mwangu tangu Manda. Mimi abiria nawanyang'anya simu kabla ya kuruka, sibembelezi mtu, maana wako wanaopata mtandao juu ya milima wakaanza kupiga kelele, "Nipo juu, unaniona?" Yusto alinikabidhi yake bila ubishi. Mawazo yake yote yalikuwa kwa mkewe, Prisila, aliyejifungua usiku uliopita na mpaka asubuhi hiyo damu ilikuwa haijakata. Mtoto walimwacha huko huko Manda, ziwani, na bibi yake mzaa mama, Mama Cresensia.

Viti vya nyuma niliving'oa ili machela iingie. Prisila akalala hapo, nesi, Sista Oliva, akapiga magoti kando yake, na Yusto akakaa kulia kwangu. Mimi, Yusto na Oliva tulivaa hedifoni, kwa hiyo alichosema mmoja wote tulikisikia. Njombe madaktari walikuwa wanasubiri na damu ya kumwongezea ipo tayari. Safari yenyewe ni fupi, na hali ya hewa siku hiyo haikuwa na kisirani.

Juu ya Mjimwema, karibu na kiwanja cha Njombe, nikashusha magurudumu. Ndege yetu ikiwa angani hukunja miguu, na ikiishusha lazima ziwake taa tatu za kijani, moja kwa kila gurudumu. Ziliwaka mbili. Nikapita chini chini juu ya kiwanja ili Obed, mwangalizi wa pale, atazame. Akaniambia kwenye redio kwamba gurudumu la kulia limetoka nusu na limekwama.

Nikapanda tena, nikaelekea Makambako, ambako ardhi ni tambarare na nafasi ya kuhangaika ipo. Nilikunja miguu, nikaishusha. Nikavuta pampu ya mkono mpaka kiganja kikachubuka. Nikainamisha pua ya ndege, kisha nikaivuta ghafla ili uzito ulishushe gurudumu. Wapi! Nikalitukana kwa Kibena. Yusto ni Mpangwa, hakuelewa, akaendelea kusali.

Chini yetu barabara iligawanyika, moja ya Mbeya na moja ya Njombe. Na mimi nilikuwa na hizo hizo mbili. Kule Songwe, mbele ya Mbeya, kuna njia ndefu ya lami na zimamoto, na hadi nifike mafuta yangekuwa yamepungua, tusiungue kirahisi. Ila ni mbali, na Prisila hakuwa na muda huo. Njombe kiwanja ni kifupi na matangi yangu yalikuwa bado na mafuta mengi, lakini hospitali iko pale pale mjini.

"Sista, hali yake?" nikauliza.

"Hali ni hiyo hiyo, kapteni. Tuombe Mungu."

Yusto akataka kugeuka nyuma.

"Kaka Yusto, tazama mbele," Oliva akamwambia. "Huku niachie mimi."

Akatazama mbele kama alivyoambiwa. "Kapteni," akasema, "mimi sijali tutatuaje. Mfikishe hospitali."

Nikageuza pua kuelekea Njombe.

Nilitua kwa gurudumu la kushoto, bawa la kulia nikalishikilia juu kadiri mwendo ulivyoniruhusu. Mwendo ukapungua, bawa likashuka, likachimba ardhi, tukazunguka hadi nje ya kiwanja. Tangi la kulia likapasuka na moto ukashika. Obed na wenzake wakafungua mlango wa nyuma, wakaanza na mgonjwa, kama inavyopasa. Kisha Oliva. Kisha mimi. Walipomrudia Yusto moto ulikuwa umeziba njia. Nilimsikia akiniita kapteni, halafu sikumsikia tena.

Mikono yangu ilikuwa imeungua. Niliketi kwenye majani karibu na machela, ndipo nikaona Oliva amemfunika Prisila kitenge mpaka usoni. Alikuwa anakitandaza polepole, bila haraka yoyote ya nesi.

"Lini?" nikamwuliza.

"Makambako. Kabla hujauliza."

Nasema wazi: mikono ingekuwa mizima ningempiga. "Ungeniambia ningekwenda Songwe," nikasema. "Yusto angekuwa hai."

"Ningesemaje, kapteni, na yeye anasikia?" Alikuwa analia. "Mtu anaambiwa akiwa ameketi, ndugu zake wamemshika. Kule juu nani angemshika?"

Baba yangu alipofariki Kidugala niliambiwa kwenye simu kwamba amezidiwa kidogo, nije tu. Nilifika nikakuta turubai limefungwa uani na wanawake wamekaa chini. Sikumlaumu mtu. Ndivyo tunavyofanya, na mimi nimewafanyia wengine hivyo hivyo.

Simu ya Yusto ikaita mfukoni mwangu. Obed akaitoa, nikaona jina: Mama Mkwe. Akanishikia sikioni, kwa kuwa vidole vyangu havikukunjika.

"Shikamoo, mama. Mimi ni rubani."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika?"

"Tumefika, mama."

"Mungu mkubwa. Prisila anaendeleaje?"

Nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka. Lakini nilisikia kichanga kinalia karibu naye, na yeye akikibembeleza.

"Mama, uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu na mjukuu. Wenzangu wako shamba."

Oliva aliacha kulia, akawa ananitazama.

"Hali ni hiyo hiyo, mama," nikasema. "Ita mtu akae nawe. Halafu njooni tu."

"Haya, baba. Yusto yuko wapi, nimsalimie?"

"Yuko na mkewe."

Akanishukuru kwa kuwafikisha, akakata simu ili ambembeleze mtoto.