Asitoke Mutu Mpaka Nirudi

“Mama Yannick, leo Papa Yannick anatokea saa ngapi?”

Mwanahamisi, jirani yake wa Alunguli, aliuliza hivyo siku moja akiwa na kigoda chake mkononi, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza saa ya misa. Adolphine alikuwa anapepeta mchele. Akajibu, “Mama mukwe akishamaliza kula,” akaendelea na ungo wake. Baadaye tu ndipo swali lile lilipomwingia mwilini kama baridi. Florentin, mume wake, alikuwa hajaonekana tangu vita, tangu mwaka ule Kindu ilipozungukwa pande zote na watu wakashindwa kufika mashambani. Na bado kila jioni alitokea saloni.

Florentin alikuwa mpiga video za harusi. Mji ulipofungwa hakukuwa na harusi tena, basi akawa anapiga nyumba yake mwenyewe, mke wake akimpokea kamera mara moja moja. Kamera iliibwa; kaseti moja ikabaki, imezikwa ndani ya gunia la mpunga. Yannick, mtoto wao wa kwanza, alipokuwa mtu mzima ndiye aliyeivusha mto mpaka Kasuku, ikahamishwa kwenye diski. Nyumbani alikuwa na konsoli ya michezo, ile ambayo vijana wa mtaa huja kuchezea mpira kwenye televisheni. Konsoli haikuwa na nafasi ya kuweka vitu vingi, kwa hiyo diski akaifunga kwenye kompyuta yake.

“Haikai humu, Koko,” alimweleza nyanya yake, Mama Élisabeth, siku ya kwanza. “Iko kule chumbani kwangu. Konsoli inaiita tu, nayo inapita hewani mpaka hapa.”

“Ah! Basi mutoto wangu analala kwako,” kikongwe akasema, “na kwangu anakuja kutembea. Kesho umwambie aje mapema.”

Walicheka wote. Adolphine pia alicheka.

Faili ilikuwa kubwa mno, konsoli ikaikataa, Yannick akaikata vipande viwili. Katika kipande cha kwanza Florentin amekaa mkekani, anamega muhogo, risasi zinalia mbali. Kisha anainua macho kwa kamera na kusema: “Fungeni mulango. Asitoke mutu mpaka nirudi.” Hapo kinakatika. Kipande cha pili Mama Élisabeth alikitazama mara moja tu, akajifunika uso kwa kitenge, akakataza kisifunguliwe tena. Kile cha kwanza akataka kirudie, na kirudie.

Hivyo neno la siku ya risasi likawa sheria ya siku za amani. Maiti ya Florentin haikupatikana, na matanga yake hayakuwahi kuondolewa. Mjane ambaye hajaondolewa matanga hasafiri. Akisafiri, anabeba kifo na kukipeleka kule anakokwenda. Zamani Adolphine alikuwa akiomba wazee waitwe, na mama mkwe alikuwa akisema, mwaka kesho. Sasa hakusema hata hivyo.

“Nani anaondoa matanga ya mutu mwenye anaingia saloni kila siku?” aliuliza. “Umemusikia mwenyewe. Mpaka arudi.”

Aliruhusiwa soko na misa, basi. Adolphine alikwenda, akarudi, akakaa mkekani kando ya kikongwe, rozari mkononi, akimsikiliza mume wake akimfungia mlango. Lakini macho yake hayakulala. Aliangalia vidole vya Yannick kwenye maneti, kile cha kushika mkononi: kitufe hiki kufungua, kile kushuka, hiki tena kuchagua.

Ndipo Bénie alipopiga simu kutoka Tunda. Bénie ni kitinda mimba wao, mtoto mchanga wa wakati ule wa vita. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika siku zake, miguu imemvimba, na mume wake alikuwa machimboni Pangi hapatikani. “Mama, ninaogopa,” alisema. “Kuja.”

Adolphine alifunga nguo ndani ya kitenge. Mwenye pikipiki angemngojea ng’ambo, upande wa Kasuku. Kisha akaenda kuaga, kwa heshima, magoti chini.

“Nenda,” Mama Élisabeth akasema bila kumtazama. “Nenda na matanga yako kichwani. Mutoto akizaliwa amekufa, usikuje kuniuliza.”

Adolphine alibaki palepale sakafuni. Yannick akainamisha kichwa. Hata yeye, na kompyuta zake zote, neno hilo lilimtisha. Na kwenye televisheni Florentin akasema tena, asitoke mutu.

Adolphine akaomba kimoyomoyo. Kisha akanyoosha mkono, akachukua maneti mapajani mwa mwanawe. Akashuka. Akachagua kipande cha pili.

Picha ilitikisika, kwa sababu mkono uliokuwa umeshika kamera ni wake. Mtoto mchanga alikuwa analia, kile kilio kikavu cha homa. Florentin akasimama, akavaa kofia. Sauti ya Mama Élisabeth, bado ya mama mwenye nguvu, ikamfuata: “Umesema asitoke mutu. Na wewe? Wewe si mutu?” Florentin alinyoosha kidole kwa mtoto, kwa Bénie, akafungua mlango, akatoka kutafuta dawa. Mlango ukabaki wazi, mwanga mweupe umejaa, mpaka picha ikazimika.

Bénie alipona homa ile kwa neema ya Mungu. Aliyemfuatia dawa hakurudi.

“Lete hapa!” Mama Élisabeth alinyakua maneti, akabonyeza kitufe kimoja alichokijua. Muhogo ukamegwa upya. “Musikilize! Musikilize bwana yako, Adolphine!”

“Fungeni mulango,” Florentin akasema.

Adolphine aliinuka. Akavaa kandambili zake, akajitwika furushi lake kichwani, akafungua mlango kwa mkono uleule uliowahi kushika kamera. Nyuma yake sauti ilimalizia maneno yake, ikaanza tena. Hakugeuka. Alitoka.